Posa kwa Projekta

Kwa kuwa yule rafiki yangu mwenye mdomo (wewe, unajijua) ameshasambaza Kigoma nzima, kuanzia Mwanga mpaka Kibirizi, kwamba nimemposa binti wa watu kwa projekta, naomba na mimi nisikilizwe.

Jumapili, kikao cha harusi, nyumbani kwa bibi harusi, Katubuka. Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa kamati, cheo nilichopewa kwa sababu nina laptopu. Bajeti katibu alituma kwa PDF, nikaipakua nikiwa juu ya bodaboda, mtandao unakuja unaondoka. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, wazee viti vya mbele. Nabofya. Faili limeharibika, halifunguki. Nabofya tena. Limeharibika.

Mtu mwenye akili zake angempigia katibu. Mimi nikasimama kuhutubia. Nikawaeleza wazee kwamba PDF ililetwa na Adobe mwaka 1993, na uzuri wake ni kwamba hati inaonekana vilevile kwenye kila kompyuta. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hii mbona haionekani kabisa?" Nikamjibu kwamba kwanza tupime: mgonjwa ni faili au ni programu? Tufungue PDF nyingine tuone.

Hatua hiyo ni sahihi, jamani. Muulizeni fundi yeyote. Nitaitetea mpaka kaburini.

PDF ya kwanza kwenye foda ikafunguka. Ikafunguka vizuri mno. Anwani yangu juu kulia, tarehe, halafu kwa herufi kubwa nene zilizojaa ukuta mzima: YAH: KULETA POSA KWA BINTI YENU. Chini yake jina la mdogo wake bibi harusi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la migebuka.

Nikakimbilia kufunga. Kompyuta imeganda! Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na barua iko palepale, maua ya pembeni yote yametoka na rangi zake, vilevile kama nilivyowahubiria. Baba mkubwa akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya shati, akavaa, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma wosia: "Mimi... mtajwa... hapo juu..." Mie nikajirusha mbele ya projekta kuziba mwanga. Maandishi yakahamia kifuani kwangu. Sasa naposa nikiwa nimeivaa posa yenyewe.

Kiduara kikaacha. Nikashika mausi kwa mkono unaotetemeka, badala ya kufunga nikateremsha ukurasa wa pili, kwenye kipengele cha mahari.

"Ng'ombe wawili," akasoma baba mkubwa. Akavua miwani. "Wawili?"

Na mabano yanayofuata yalisema "maelewano yapo". Followa wangu, mlioniuliza kwa nini siku hizi sionekani, jibu ndilo hilo. Sinia lilisikika likitua mahali huko jikoni, kisha kicheko cha wanawake ambacho hakikuisha.

Aliyezima projekta ni mpwa wao wa kidato cha pili. Akaangalia faili la bajeti, akasema, "Anko, la katibu lina MB tatu, hili lako halifiki hata moja. Lilikatika njiani." Eti PDF huweka mwishoni orodha ya kila kitu kilipo ndani yake, kwa hiyo mkia ukibaki njiani programu inapotea kama mgeni asiye na mwenyeji. Akapakua upya, bajeti ikafunguka, ikapita.

Kuhusu ile nyingine, baba mkubwa alisema posa huletwa na mshenga, haimulikwi ukutani. Hakusema hapana, andikeni hivyo. Binti hajajibu meseji zangu, ila amebadilisha stetasi: ameweka ng'ombe, watatu.

Kamati nayo imeniandikia rasmi. Mchango wangu umetoka elfu hamsini umekuwa laki moja, kiwango cha wanafamilia.