Miche ya Juni na maji ya udhu

Huku mtaani kwetu Mtwara kumezuka wazo kwamba misikiti na makanisa tuungane tupande miti, tuitunze pamoja, halafu tupange na namna ya kupashana habari kimbunga kikija tena. Kwenye kikao mzee mmoja akasema waziwazi kwamba hayo ni maonyesho tu, shehe na padri watashika majembe wapigwe picha, na baada ya mwezi miche imekauka. Watu wakampigia makofi. Mi naona alisema kweli nusu, na ile nusu nyingine haikupata mtu wa kuisema pale.

Nianze na nusu yake. Siku ya Mazingira ni 5 Juni na ndo siku tunayopenda kupandia miti. Sasa kusini huku mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba ikifika Aprili au Mei imekwisha. Kwa hiyo mche ukiuweka ardhini Juni umeuweka mlangoni mwa kiangazi, unapigwa na kusi na jua miezi mitano au sita. Mkorosho mkubwa unahimili, tena ndo unajiandaa kutoa maua, lakini mche wa mwarobaini wenye majani sita utahimili nini? Hapo mzee hana kosa, ila kosa ni la kalenda, sio la dini.

Nyuma ya msikiti tunaoswali kuna miarobaini miwili na mkungu mmoja, ilipandwa Juni hiyohiyo na miche mingine ya mtaa ambayo karibu yote ilikufa. Hii mitatu ipo na mkungu umeshaanza kutoa kivuli, na hakuna mtu aliyepewa zamu ya kuibebea ndoo. Siri yake ni mtaro. Maji ya udhu yanatoka kwenye mabomba, yanapita pembeni ya ukuta yanaishia pale kwenye mizizi, na udongo wa pale hata Septemba ukiushika una ubaridi. Piga hesabu ndogo tu, tuseme watu 20 kila swala, kila mmoja lita 2, kwa swala tano unapata lita 200 kwa siku. Hizo ni ndoo kumi kubwa, kila siku, kiangazi chote, na hakuna mradi wowote ninaoujua unaoweza kumlipa mtu amwagilie hivyo bila kukosa hata siku moja. Hata tukipunguza maji kama inavyotakiwa, maana Mtume mwenyewe alikuwa anatawadha kwa kiasi kidogo sana, bado miche mitatu minne inapata.

Kanisani hakuna mtaro wa udhu lakini kuna jumuiya ndogondogo, watu wanakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, wanajuana nani anaumwa na nani hajaonekana. Watu wa namna hiyo ukiwaambia mche wa kwa mama fulani umenyauka wanajua pa kuanzia. Nyumba za ibada haziwi na mwisho wa mradi, na hilo ndo naona halieleweki, tunazipima kwa siku ya sherehe wakati nguvu yao iko kwenye siku za kawaida.

Wapo wanaoogopa kwamba kushirikiana kutaleta kuchanganya ibada. Woga huo nauheshimu. Ila hakuna aliyesema tuswali pamoja, kila mtu abaki na qibla chake na altare yake. Mwislamu ana hadithi kwamba hata Kiyama kikisimama na una mche mkononi, kama unaweza upande. Mkristo ana Mwanzo 2:15, mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mwaka 2015 Papa Francis alitoa waraka wake kuhusu mazingira na mwaka huohuo wanazuoni wa Kiislamu wakatoa tamko lao kule Istanbul, kila upande kwa maandiko yake. Na huku kwetu kwenye maziko tunachimba kaburi pamoja siku zote, sioni mche una ugumu gani zaidi.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya gesi. Kijana mmoja aliniuliza, gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa mkoani kwetu, inakwenda Dar kwa bomba tangu 2015, mama zetu hapa bado wanapikia mkaa, Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, halafu mnakuja kumwambia mama huyo apande mti? Sina jibu la kumaliza hilo. Naona tu kwamba shehe na askofu wakiuliza swali la jiko kwa sauti moja litasikika kuliko mimi nikiuliza peke yangu, na wao tayari wanakaa meza moja kwenye kamati za amani za mkoa.

Halafu kuna vimbunga. Aprili 2019 tuliambiwa Kenneth anakuja, shule na ofisi zikafungwa, akaenda kuangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma ambako wengi wetu tuna ndugu. Wengine hapa wakabaki na neno kwamba tulitishwa bure. Mei 2024 akaja Hidaya, mvua zikakata barabara ya Dar kule Somanga, na siku zile kuna watu hawakuamini tangazo la redio mpaka waliposikia sauti wanayoijua kwenye kipaza cha msikiti. Mi nataka kipaza hicho na kengele ya kanisa vitumike kwa tangazo moja, la mamlaka ya hali ya hewa, kwa saa ileile, na tukubaliane kabla ya Novemba. Na miche tuipande mvua zikishashika, Desemba, hata kama hakutakuwa na mgeni rasmi wa kuikabidhi.