Eka Zilizopimwa Hazikuwa Kipimo cha Kazi

Ripoti za mwaka za ofisi za upimaji wa ardhi enzi za ukoloni zilipenda kujivunia eka. Mashamba kadhaa yamepimwa, eka elfu kadhaa, ada imekusanywa, kisha mwishoni malalamiko kwamba viporo vimejaa na wapimaji hawatoshi. Watafiti wengi huishia kwenye jedwali hilo na kuhukumu mwaka kuwa mzuri au mbaya. Naona wanatazama pasipofaa. Kwa ofisi kama ile ya Nairobi, mwaka mzuri ulikuwa ule ulioongeza alama za uhakika vilimani na kuacha madaftari yaliyokaguliwa. Mwaka wa eka nyingi bila alama hizo ulikuwa mwaka wa kukopa, na deni bado linalipwa.

Kanuni ya kazi hii haijabadilika: unaanza na kikubwa, unamalizia na kidogo. Kwanza mtandao wa pembetatu, yaani alama za vilimani zinazounganishwa kwa kupima pembe kutoka kilima hadi kilima, kisha mipaka ya mashamba iliyofungwa kwenye mtandao huo. Kenya ilikwenda kinyume. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya 1902 iliruhusu kukodisha ardhi kwa miaka 99, ile ya 1915 ikafikisha miaka 999, na walowezi walitaka hati kabla wino haujakauka. Mpima alitumwa kwenye shamba, si kwenye kilima. Aliweka mawe yake pale, akaelekeza ramani yake kwa jua au nyota, akahamia shamba lingine.

Mvua ndiyo iliyopanga mwaka. Masika ya Machi hadi Mei yalikata barabara na kujaza mito, hivyo wapimaji walirudi ofisini kukokotoa na kuchora. Juni walitoka tena. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kiangazi kikali ndicho kizuri kuliko vyote, lakini Januari na Februari zina vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na kilima kilicho maili 30 hakionekani. Hewa safi zaidi ni ile iliyotoka kuoshwa na mvua. Hata siku nzuri ina saa chache tu za kazi: asubuhi na alasiri. Jua la utosi huifanya hewa icheze kama mazigazi, na bendera unayoilenga kwa darubini ya theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, inarukaruka. Mchana ulikuwa wa kufyeka njia ya kuonea na kusimika mawe, kazi iliyofanywa na vibarua ambao ramani haikutaja hata jina la mmoja wao.

Kipimo cha zamani kilikuwa mnyororo wa futi 66 wenye viungo 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo mraba 10 ni eka, ndiyo maana hesabu ya eka ilikuwa rahisi kwa karani. Ila mnyororo wa viungo hurefuka kadiri pete zake zinavyolika, kwa hiyo kazi ya makini ilihamia kwenye utepe wa chuma. Nao una tabia zake. Ukitandazwa kwenye joto lililozidi lile la ulipolinganishwa ofisini kwa digrii 20 za Farenhaiti, hurefuka kiasi cha kupoteza inchi 8 katika kila maili. Mteremko wa digrii 5 tu hupunguza futi 100 za ardhini kwa takriban inchi 4 na nusu zinapohamishiwa kwenye ramani. Ukivutwa kwa nguvu ndogo, unabonyea katikati na kusoma zaidi ya umbali halisi. Haya yote yana fomula, na mpima mzuri aliandika daftarini joto, mteremko na nguvu iliyotumika kuuvuta utepe. Mvivu aliandika futi peke yake.

Kosa lililosumbua zaidi nyanda za juu halikutokana na uvivu. Mtandao wa pembetatu hukokotolewa kana kwamba uko usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko kama futi 5,500 juu. Maili iliyopimwa ardhini huko ni ndefu kuliko maili hiyo hiyo ikishushwa hadi usawa wa bahari kwa futi 1.4 hivi. Upande wa shamba wenye maili tatu unazidi kwa futi 4, na shamba la eka 1,000 hupata nusu eka ya hewa. Ubaya ni kwamba ukaguzi wa kawaida haulioni kosa hili. Mpima akizunguka shamba lote na kurudi kwenye jiwe la kwanza, mzunguko wake unafunga vizuri kabisa, kwa sababu kila upande umekuzwa kwa uwiano uleule. Mkaguzi anatia sahihi, eka zinaingia kwenye ripoti. Tatizo linaibuka miaka baadaye jirani anapopimwa kutoka kwenye alama za kilimani: ramani mbili zinapandana, au baina yake panabaki kichochoro kisicho na mwenyewe.

Kisha kuna makadirio ya Cassini, namna ya kuuhamishia uso wa dunia wenye mviringo kwenye karatasi bapa, yaliyotumika Kenya kwa ramani za mipaka, kwa futi, katika mikanda yenye upana wa digrii mbili, mistari ya katikati ikiwa kwenye longitudo 35, 37, 39 na kuendelea. Cassini haikuzi umbali wa mashariki na magharibi, bali hukuza ule wa kaskazini na kusini kadiri unavyoachana na mstari wa kati. Nairobi iko karibu sana na mstari wa 37, haina shida. Nakuru iko ukingoni kabisa mwa mkanda, na hapo maili ya kaskazini-kusini huongezeka kwa inchi 8 hivi. Kwa kuwa mwinuko unahitaji kupunguza na Cassini inahitaji kuongeza, makosa hayo mawili yakisahauliwa pamoja hupunguzana, lakini kwa upande mmoja tu wa shamba. Mstatili unakuwa si mstatili tena.

Ndani ya ofisi, foleni haikuwa kwa wachoraji kama ripoti zinavyofanya tuamini, bali kwenye ukokotoaji. Kila mstari wa mpaka ulihitaji kutafutiwa logi (namba za kurahisisha kuzidisha na kugawanya) kitabuni, mara mbili, na watu wawili tofauti, hadi mashine za kuzungusha kwa mkono zilipozoeleka. Kuchora kulifuata, kwa wino juu ya kitambaa, na nakala zilichapwa kwa mwanga wa jua kwenye karatasi ya buluu kisha zikaoshwa kwa maji. Karatasi iliyolowa ikakauka husinyaa, tena si sawasawa pande zote. Anayeweka rula juu ya nakala ya namna hiyo leo ili kudai futi tatu za jirani anapima usinyaaji wa karatasi. Namba zilizoandikwa ndizo ushahidi, na madaftari ya uwandani yana uzito kuliko namba hizo.

Rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, zilibaki tupu kwenye ramani hizi kwa miongo mingi, maana hakuna aliyelipia ada huko. Zilipofikiwa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, njia ilikuwa nyingine kabisa: picha za ndege, ua uliopandwa mpakani, na mchoro usiodai usahihi wa inchi. Wako wanaouita upimaji duni. Mimi nauona mkweli zaidi, kwa sababu ulikiri kwamba mpaka ni ua unaoonekana, wakati ramani ya mlowezi ilidai usahihi ambao tepe zake hazikuwa nao. Mtandao wa pembetatu wenyewe ulipata nguvu baada ya 1946, Uingereza ilipounda kurugenzi ya upimaji ya makoloni chini ya Martin Hotine. Kufikia hapo mashamba mengi yalishakuwa na hati.

Mashamba hayo yamekatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na futi 4 zilizopuuzwa porini sasa ni ukuta wa mtu. Anayerudia vipimo vya zamani aanze kwa kushusha vipimo vyake vipya hadi usawa wa bahari, kisha alinganishe upande kwa upande. Pande zote za zamani zikizidi kwa uwiano mmoja, kama futi moja kwa kila 3,800 pale Nairobi, nyongeza ya mwinuko haikuondolewa au utepe haukulinganishwa na ule wa kipimo uliotunzwa ofisini. Zikizidi za kaskazini-kusini tu, ni Cassini. Zikigoma pande mbili zinazokutana kwenye jiwe moja na nyingine zote zikakubali, jiwe hilo limehamishwa.