Boti ya kasi ya zamani: nunua bodi, injini ihesabu kama imeshakufa

Kaskazi ikishatulia na bahari ikawa nzuri, maswali yanaanza: kaka, nimeonyeshwa boti ya kasi iko Dubai, ya miaka ya 90, futi 30, injini mbili za V8, bei yake ni kama ya Prado mtumba, nichukue? Afu majibu yanagawanyika, wengine wanamwambia chukua fasta, vitu vya zamani vilitengenezwa vizuri sio hivi vya siku hizi, wengine wanamwambia kimbia, utaifilisi familia. Mi naona pande zote zina hoja ila wote wanabishana kuhusu injini na bei, wakati kitu cha kubishania ni bodi, yaani ganda la boti lenyewe.

Tuanze na wanaosema chukua, maana wanachekwa bure. Bodi ya boti ya kasi ya miaka ya 80 au 90 haijapitwa na wakati kama watu wanavyodhani. Ile V kali ya chini ya boti inayoanzia omo (mbele) ikaenda mpaka tezi (nyuma) bila kulala, sio mpya. Mwaka 1960 boti ya futi 30 hivi yenye umbo hilo, iliyochorwa na Ray Hunt, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau kwenye bahari chafu, na tangu hapo watu hawakurudi nyuma. Don Aronow wa Miami ndo akaja kuifanya biashara, yeye ndiye aliyeanzisha Formula, Donzi, Magnum na Cigarette (alikuja kupigwa risasi akafa 1987, hiyo ni stori nyingine ndefu). Ukiangalia boti mpya za bei mbaya leo bado zina V ya digrii 20 na kitu kule nyuma, nyingine 24. Kwa hiyo ukinunua bodi ya 1992 ambayo ni nzima hujanunua kitu kilichokufa, umenunua umbo lile lile ambalo jipya lingekutoa roho.

Na hapa kwetu V hiyo ina faida kuliko hata kasi yenyewe. Nani anaenda noti 60 (maili 60 za baharini kwa saa) mkondo wa Unguja mwezi wa saba? Hakuna. Ukitoka Unguja kurudi Dar mchana kusi limeamka, mawimbi yanakujia usoni, ukiwa na faiba ya tako bapa inapiga pap pap pap mpaka abiria wanaanza kusoma dua, unashusha unaenda noti 10, wakati bodi yenye V kali inayakata yale maji na unaweza kushika noti 20 na kitu bila kuumiza mgongo wa mtu. Hapo ndo ubora wa hizi boti ulipo kwetu, sio ile spidi ya kwenye tangazo.

Sasa wanaosema kimbia. Hawa wana hoja nzito zaidi, na nyingi zimekaa pale nyuma injini ilipo.

Boti nyingi za aina hii za enzi hizo ni injini ndani, mguu nje, yaani injini iko ndani ya boti na ule mguu wenye propela unatokea nyuma. Injini yenyewe mara nyingi ni bloku ya Chevrolet, lita 5.7 au ile kubwa ya lita 7.4, imegeuzwa kuwa ya baharini na kufungwa mguu wa MerCruiser au Volvo Penta. Nyingi zinapozwa na maji ya bahari moja kwa moja, yaani chumvi inapita ndani ya bloku na ndani ya manifoldi za ekzosti ambazo ni chuma cha kumimina. Chuma hicho kinaliwa kutokea ndani, nje imepakwa rangi inang'aa, huwezi kuona kitu. Mafundi wa Marekani wanaofanya kazi kwenye maji ya chumvi wanashauri kuzibadilisha kila baada ya miaka mitano hivi. Zikitoboka, maji yanachuruzika kwenye silinda wakati boti imelala, asubuhi unapiga stata, maji hayabanwi kama hewa, konrodi inapinda, kwisha habari. Na kumbuka hii imetoka Ghuba, ambako bahari ina chumvi kama gramu 40 kwa lita wakati yetu ni kama 35, na jua la kule mnalijua, waya na mipira yote inakauka ikawa inakatika kwa vidole.

Dalali atakwambia imetembea saa 200 tu kwa miaka yote hiyo, kama vile ni sifa. Boti iliyokaa inaoza kuliko inayotembea. Impela ya pampu inaganda, sili zinakauka, petroli ya zamani inageuka gundi kwenye kabureta. Halafu zile injini zilizokazwa sana kwa ajili ya kasi, baada ya saa mia chache tu zinataka kufunguliwa juu, kwa hiyo hizo saa 200 kwake yeye ni chache, kwako wewe ni ovahoo iko njiani inakuja.

Kuna hiyo mipira ya kukunjika pale mguu unapoungana na boti, inafanana kabisa na ile ya draivi shafti za gari. Ikipasuka maji yanaingia, kwanza beringi ya ndani inapata kutu inaanza kulia, na pampu ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ikizidiwa au betri ikiisha usiku boti inazama ikiwa imefungwa zake. Kubadilisha inabidi mguu ushushwe wote. Na nani atakushushia? Pwani yetu imejaa mafundi wa Yamaha wanaoweza kufungua mashine ya farasi 40 wakiwa wamekaa mchangani na kuifunga kabla ya adhuhuri, ila fundi anayejua kupima usawa wa injini na mguu, na ana kile chuma cha kupimia, ni wa kutafuta kwa tochi, na spea inasubiri mtu anayesafiri.

Hapo ndo panapozaliwa hatari ambayo watu hawaizungumzii. Fundi anaona ni injini ya gari hii, anasema tutafunga stata ya gari, tutafunga altaneta ya gari, bei rahisi. USIKUBALI. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa ngamani, ndo maana boti hizi zina feni ya kutoa hewa ambayo unatakiwa uiwashe kama dakika nne kabla ya kupiga stata. Stata na altaneta za baharini zimezibwa cheche isitoke nje, hata kabureta yake imetengenezwa ili petroli ikizidi imwagikie ndani ya injini isimwagike nje. Ya gari haina hayo yote. Kwenye gari upepo unapita chini unaupeperusha mvuke, kwenye boti umekalia.

Mafuta sasa, hii haraka haraka. Injini ya petroli inakula kama lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10 zinazofanya kazi. Ukitembea kistaarabu, farasi 150 kila injini, ni lita 60 mara mbili, 120 kwa saa. Dar mpaka Unguja ni maili 40 hivi za baharini, kwa noti 30 ni saa moja na dakika 20, lita 160 kwenda tu. Kwenda na kurudi umevuka lita 300, tuseme lita ni elfu tatu, ni karibu milioni moja kwa safari ambayo hata hujakanyaga mafuta vizuri. Kama ni boti ya starehe na hela ipo sawa, kama unataka kubebea watalii piga hesabu mara tatu.

Kwa hiyo wa kimbia wameshinda? Kwenye injini ndio, mi siwezi kuwabishia. Ila wanachosahau ni kwamba injini inatoka. Bodi ikioza ndo huna kitu.

Ndo maana nasema ukienda kuangalia, funika macho kwenye zile V8 zilizooshwa kwa dizeli, chuchumaa nyuma. Kile kibao cha tezi ambacho mguu umefungwa, ndani yake kwa boti nyingi za zamani ni plaiwudi iliyofunikwa faiba. Chukua nyundo ndogo, au hata mpini wa bisibisi, gonga kuanzia juu ukishuka. Palipo pazima panalia kavu, tak tak, ukishuka karibu na mguu ukasikia mlio umekuwa mzito umefifia, dup, hapo pameoza. Mwenye boti akikuruhusu toa skrubu moja ya chini, karibu na tundu la kutolea maji, kwa ndani. Subiri kidogo. Likitoka tone la maji ya kahawia yenye harufu ya mbao zilizolowana, hiyo plaiwudi imekuwa uji. Fanya hivyo hivyo kwenye mataruma ya chini yanayobeba injini, na uliza tangi la mafuta, mengi ni ya aluminiamu yaliyofukiwa chini ya sakafu, kulitoa inabidi ukate deki.

Bodi ikifaulu hapo, ndo naweza kukaa upande wa chukua, kwa masharti. Injini na miguu ile toa yote, uza vyuma, ziba lile tundu la nyuma, jenga sehemu ya kufungia mashine za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti kama za Yamaha. Unapunguza uzito, maana V8 kubwa na mguu wake ni kama nusu tani wakati mashine ya nje ya farasi 300 ya kisasa haifiki kilo 300, ila uzito wote unahamia nyuma zaidi kwa hiyo mtu anayejua apige hesabu kwanza, boti isije ikakaa tako majini. Lakini tuambizane ukweli, mashine mpya moja ya farasi 300 ni zaidi ya dola elfu 20, zikiwa mbili umeshapita bei ya boti yenyewe. Kwa hela hiyo kuna boti za Gulf Craft za kule kule Emirati ambazo zimezaliwa na mashine za nje, hazina kasi ya kuringia ila fundi wa Msasani anazijua.

Kuna njia ya katikati ambayo haina mbwembwe, dizeli ya shafti iliyonyooka, yaani injini iko ndani na shafti inapita chini ya boti moja kwa moja mpaka kwenye propela. Boti za kuvulia samaki wakubwa za Watamu na Malindi, nyingine ni nzee kweli, zinaendelea na kazi kwa sababu hakuna mguu wala mipira pale nyuma, na dizeli haina ule mvuke wa kulipuka. Ila hiyo sio boti ya kasi tena, na aliyetaka kasi hatokuelewa.

Mambo ya usajili na ukaguzi, bara ni TASAC (shirika la uwakala wa meli), Zanzibar ni ZMA (mamlaka ya usafiri baharini), nenda kawaulize kabla hujalipa, sio boti imefika bandarini ndo unaanza kuuliza ushuru.

Na mwisho jiulize italala wapi. Bamvua letu linapanda na kushuka karibu mita 4, mashine ya nje unaiinua yote inatoka kwenye maji, ule mguu wa zamani hata ukiuinua mpaka mwisho bado kipande kimebaki chumvini usiku kucha. Anayeipandisha kwenye trela kila akirudi na kupitisha maji ya bomba kwenye injini atakaa nayo miaka, anayeiacha inaning'inia kwenye nanga Msasani hata mwaka sijui kama atamaliza. Kama huna trela wala pa kuipandishia, tafuta hiyo sehemu kwanza, boti utazikuta tu, Dubai haziishi.