Una nyumba, basi una hela ya wakili?

Fomu ya kuomba msaada wa kisheria ina sehemu inayowatoa watu jasho: taja mali ulizonazo. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye ofisi moja ya msaada huo huku Temeke, Dar es Salaam. Alipofika hapo akaweka kalamu chini, akaninong'oneza, "Mwanangu, niandike na ile nyumba ya Chanika?"

Nyumba yenyewe ndiyo aliyokuja kuidai. Mumewe keshabadilisha kufuli, kodi ya wapangaji anapokea yeye, na shangazi analala kwa bintiye, sebuleni. Akaandika. Dada wa mapokezi akasoma kwa sauti, benchi zima likisikia: "Mama, una nyumba ya vyumba sita, wakili wa bure wa nini tena?"

Sidhani alikuwa na roho mbaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamlenga asiye na uwezo wa kumlipa wakili, na uwezo haupimwi kwa kumtazama mtu usoni. Mawakili wa ofisi hizi ni wa kuhesabu. Ukimpokea mwenye Noah mbili barabarani, mama lishe aliye nyuma yake ataambiwa njoo wiki ijayo, na kesi yake haimsubiri. Halafu tunajuana: kuna mtu ana fremu Kariakoo kwa jina la shemeji, siku ya kuomba msaada anakuja na kandambili. Mali lazima ziulizwe.

Tatizo langu ni swali lenyewe. Linauliza una nini, haliulizi unaweza kukifanyia nini. Tangu Mahakama ya Rufani iamue shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo ndiyo, shangazi ana fungu lake Chanika. Lakini fungu hilo halishikiki mpaka mahakama igawe, na kufika huko ndiko anakotakia wakili. Hata angepata mnunuzi leo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila mwenzi kuridhia. Mwenzi gani? Huyo huyo aliyebadilisha kufuli.

England na Wales, ambako kipimo ni kikali na mwenye akiba na mali zinazozidi pauni 8,000 kwa kawaida hapati msaada kwenye kesi za madai, mali inayogombaniwa huwekwa kando hadi thamani ya pauni 100,000. Viwango hivyo si vya kwetu, ila wazo lake halihitaji bajeti, linahitaji mstari mmoja tu kwenye fomu.

Wapo wanaosema barua ya serikali ya mtaa inatosha kuonyesha uwezo wa mtu. Mwenyekiti ataandika kwamba nyumba ipo na ni ya familia. Nani anakusanya kodi, hilo ni la chumbani.

Shangazi alijaribu ofisi nyingine. Safari hii kwenye mali aliandika "cherehani moja". Nilimwona, nikanyamaza. Akapangiwa wakili siku hiyo hiyo, na swali la kwanza la wakili lilikuwa: "Mama, hiyo nyumba mnayogombania iko wapi?"