Mbwa Wako Mwache Nyumbani Siku ya Nyika

"Mbwa wanaruhusiwa, mradi wafungwe kamba." Sentensi hiyo hutoka kila mwaka mashindano ya farasi ya Badminton, Uingereza, yakikaribia mwezi Mei, hutoka tena yale ya Burghley yakikaribia Septemba, na kila mwaka watu huisoma kama kadi ya harusi iliyoandikwa jina la mbwa wao. Mtu anakata tiketi, anapakia mbwa, anaendesha hadi Gloucestershire, kisha siku ya nyika, farasi wanapokimbia uwanda wazi wakiruka viunzi, anakwenda kusimama naye kwenye uzio wa kamba, hatua tatu tu kutoka mahali farasi wa kilo 500 anatua baada ya kuruka kiunzi. Ukimgusia, jibu analo mdomoni: "Ah, huyu hana neno, ni mpole sana."

Nani aliuliza habari ya upole?

Ruhusa ya mwandaaji ni ruhusa ya getini. Maana yake mbwa hatarudishwa. Haisemi kwamba mbwa huyu, kwa umri wake na joto la siku hiyo, anafaa kusimama hapo uliposimama. Na mwandaaji ana hesabu zake: Mwingereza wa shamba hatoki bila Labrador wake au kile ki-Jack Russell kinachodhani ni simba, na akizuiwa naye hatakuja, na asipokuja hatanunua buti wala bia. Nenda Ascot, kwenye mbio za farasi za kuwekeana pesa, uone. Huko mbwa wa kawaida haingii, ila wale wanaowasaidia wasioona na wengine wenye ulemavu, ambao hawahusiki hata kidogo na malalamiko yangu. Farasi wa Ascot hawana hofu tofauti na wa Badminton. Ila kule farasi akiyumba kuna watu elfu kadhaa wamemwekea pesa, na pesa ina namna yake ya kuwafanya watu wawe makini.

Sasa tuje kwenye nyika yenyewe, maana hapo ndipo ninapogombana na watu.

Mashindano ya nyota tano, ngazi ya Badminton na Burghley, huweka kozi ya nyika ya zaidi ya kilomita sita, na mwendo unaotakiwa ni mita 570 kwa dakika. Fanya hesabu: ni mita tisa na nusu kila sekunde. Kiunzi kigumu kinafika mita 1.20, chenye matawi juu kinafika 1.45. Mpanda farasi hupanga urefu wa hatua akiwa bado mbali na kiunzi, kwa sababu farasi akifika karibu mno au mbali mno hakuna tena nafasi ya kusahihisha. Kamba ya mbwa ya kujikunja, ile yenye kishikio cha plastiki, ina mita tano. Mbwa anayefyatuka huimaliza kabla hujatamka jina lake.

Na farasi atamwona kabla ya mpandaji. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu mzunguko mzima isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo chini ya pua na mbele ya paji la uso. Kitu kilicho chini, kwenye majani, kinachochomoka ghafla: kwa mnyama aliyeumbwa kuliwa, hiyo ndiyo picha ya adui. Farasi haanzi kwanza kujiuliza kama huyo ni kijibwa cha aina ya pagi kilichovaa skafu.

Atakachofanya ni mojawapo ya mambo matatu. Anaweza kugeuza kichwa na kupoteza mstari, na kama kiunzi ni chembamba au cha kona, atapita kando: pointi 20 za adhabu, na kazi ya mwaka mzima imekwisha. Anaweza kukataa kabisa na kusimama, mpandaji akaendelea peke yake hadi upande wa pili. La tatu ndilo baya. Anafupisha hatua, anafika chini kabisa ya kiunzi, anaruka kwa kuchelewa na miguu ya mbele inagonga mbao. Farasi akipinduka juu ya kiunzi namna hiyo anaweza kumwangukia mpandaji wake, na huo ndio mwanguko unaoogopwa kuliko yote katika mchezo huu. Viunzi vingi siku hizi vimewekwa pini na vishikizo vinavyoachia vikigongwa kwa nguvu, na vimesaidia. Havijawekwa kwa ajili ya kufidia mbwa wako.

Angalia kwamba katika yote hayo mbwa hajamgusa farasi, hajauma mtu, pengine hata hajabweka. Ni mpole kweli.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Farasi wa ngazi hii amezoea makelele. Amepita katikati ya miavuli, vipaza sauti, vigari vya watoto na watu wanaopiga makofi, na siku nyingi mbwa mamia hukaa kwenye uzio bila jambo lolote kutokea. Sawa. Lakini ndiyo hiyo hasa inayowafanya watu wazembe.

Mbwa akiingia kozini, waamuzi hawangoji waone atakwenda wapi. Bendera nyekundu inapepea, farasi anayekuja anasimamishwa, muda wake unaandikwa pale aliposimama na kuhesabiwa tena anapopita hapo akianza upya. Kwenye karatasi ni haki tupu, kwa sababu kila sekunde inayozidi muda uliowekwa ni pointi 0.4 na hakuna anayetaka kumwibia mtu pointi. Kwenye majani mambo ni mengine. Moyo wa farasi anayekimbia kwa kasi hiyo unapiga karibu mara 200 kwa dakika. Sasa simamisha mnyama huyo dakika saba au nane, mzungushe asipoe misuli, mtulize, kisha mwambie aanze tena moja kwa moja kuelekea kiunzi cha majini. Muda wamemrudishia. Mdundo atautoa wapi? Na kwa kuwa farasi huachiliwa kila baada ya dakika nne hivi, nyuma yake huenda kuna wengine wawili ambao nao wanasimamishwa, kila mmoja mahali pake, kwa sababu ya mbwa aliyeona sungura.

Najua jibu linalokuja: Badminton kwenyewe ni nyumbani kwa mbwa! Ni kweli. Uwanja ni wa Duke wa Beaufort, mashindano yalianza hapo mwaka 1949, na mbwa wa kuwinda wa ukoo huo wana mabanda yao hapo hapo. Ila mbwa hao hulelewa miguuni mwa farasi tangu wakiwa wadogo, hutembea kwa kundi chini ya watu ambao kazi yao ni hiyo tu, na farasi wanaofuatana nao wanawajua. Wewe mbwa wako analala kwenye kochi. Wengine hunitajia maonyesho ya farasi ya London, ambako mbwa hushindana kuruka viunzi ndani ya ukumbi ule ule. Hushindana wakati farasi hawamo ukumbini, jamani.

Waliowahi kutazama mbio za punda za Maulidi pale Lamu hawahitaji kuelezwa mnyama anayekimbia kwenye msongamano ni kitu gani, na hao ni punda.

Kuna pia sheria, kwa wale wanaosikia sheria tu. Uingereza ina Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991, na haingoji mtu aumwe. Inatosha mtu awe na sababu ya kuogopa kwamba mbwa atamjeruhi. Mtu aliye juu ya farasi anayefukuzwa na mbwa anayo sababu hiyo.

Joto nalo. Mbwa hutoa jasho kidogo sana kwenye nyayo, kinachompoza ni kuhema, na kuhema kwa mbwa wa pua fupi kama pagi na buldogi ni kazi hata nyumbani. Kwenye umati hewa haitembei chini kule kwenye magoti ya watu. Na tafadhali, "nitamwacha garini akichoka" usilitamke. Nje kukiwa na nyuzi 22, siku ya Mei isiyomtoa mtu koti, ndani ya gari hufika 47 katika saa moja, na dirisha lililoachwa upenyo wa vidole viwili halibadilishi kitu. Ukiona ute mzito, ufizi mwekundu sana na miguu inapepesuka, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, kisha ndiyo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Kumpoza kunaanza hapo hapo.

Hatari ambayo karibu hakuna anayeitaja ni mavi ya farasi. Mbwa huyapenda, msiniulize kwa nini. Farasi hupewa dawa ya minyoo ya ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo farasi wa kilo 500 hupata miligramu 100, na sehemu kubwa hutoka kwenye mavi, hasa siku chache za mwanzo. Mbwa wengi hawatadhurika kwa kula kidogo. Lakini mbwa wa kuchunga kondoo wa jamii ya Collie, na mahuluti wao, wengi wana hitilafu ya jeni iitwayo MDR1 inayoacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo. Dawa yenyewe, ile nzito inayokamuliwa mdomoni mwa farasi, ndiyo mbaya zaidi: kila gramu ina karibu miligramu 19, na tone kubwa lililodondoka kando ya gari la farasi linaweza kufika gramu hiyo. Mboni zinapanuka, mbwa anayumba, anatoka mate, anatetemeka, anaweza kupofuka kwa muda au kuzimia. Badminton mabanda ya farasi yamefungwa kwa watazamaji, lakini kwenye mashindano madogo ya kijijini magari ya farasi na ya watazamaji huegeshwa uwanja mmoja, na masaisi hutupa mabomba ya dawa popote. Mbwa wa Collie asiyevaa kifunika mdomo asifike huko.

Kama bado umeshikilia kwenda naye, angalau fanya kazi yake. Kamba iwe bapa, ya ngozi au kitambaa kinene, mita moja na nusu, mbili mwisho. Ile ya kujikunja iache kabisa: uzi wake mwembamba unachana ngozi ya miguu ya watu, na kishikio kikikuponyoka kinaburuzika nyuma ya mbwa kikigongagonga, naye anakimbia zaidi kwa kukikimbia. Funga kwenye mkanda wa kifuani unaobana, si kola peke yake, kwa sababu mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume na kola huvuka masikio. Pitisha kiganja ndani ya kitanzi na ushike tena kwa mkono wa pili. Mtoto wa miaka saba asikabidhiwe, hata kama analia.

Mafunzo yanaanza miezi miwili kabla. Tafuta farasi mmoja anayetembea, simama mita 50, mwache mbwa amtazame. Akikugeukia, mpe kipande cha nyama. Siku nyingine sogea mita kumi. Mwili ukikakamaa, mdomo ukifumba na masikio yakienda mbele, umesogea mno, rudi ulikotoka. Farasi anayetembea akishakuwa si kitu kwake, tafuta anayekimbia. Mtihani ni huu: farasi apite kwa kasi umbali wa mita 20, mbwa abaki ameketi na aendelee kula mkononi mwako. Anayekataa nyama aipendayo kichwa chake kimeshaondoka, na hajawa tayari. Wengi hawatakuwa tayari kamwe, na hilo si kosa lao.

Hata aliyefaulu, mpeleke siku za mwanzo, za mchezo wa uwanjani, farasi anapoonyesha utii na mwendo bila kuruka. Kozi ya nyika huwa wazi kwa watazamaji kutembea, farasi hawamo humo, umati ni mdogo, na unaweza kumzungusha kilomita zote sita akinusa kila kiunzi hadi achoke. Beba lita mbili za maji kwa mbwa wa kilo 20 na bakuli lake mwenyewe. Siku ya nyika abaki nyumbani na mtu.

Na akikuponyoka licha ya yote hayo, usiruke uzio kumfukuza, maana sasa kozini mtakuwa wawili. Usipige kelele pia. Kila kiunzi kina mwamuzi mwenye redio. Mkimbilie huyo, mwambie rangi ya mbwa, jina lake na upande alioelekea, ili wasimamishe farasi kabla hajafika. Kisha kaa hapo hapo kwa mwamuzi, uchuchumae, uite jina lake kwa sauti ya kawaida, ile unayotumia ukimwita kula.