Itifaki Imezingatiwa

Elfu nne. Alhamisi hii nimetozwa shilingi elfu nne, mbili kwa mbili, kwa kosa lile lile moja: kutazama saa. Si saa ya ukutani, maana ile imesimama tangu enzi za katibu aliyepita na hakuna anayeithubutu. Saa yangu mwenyewe, mkononi mwangu mwenyewe. Sajini wa klabu akanyanyuka, akavuta koti, akatangaza mbele ya wanachama 26 kwamba kumtazamia mgeni saa ni utovu wa adabu. Huyo mgeni nilikuwa namwona vizuri nilipokaa. Alikuwa akitazama yake chini ya meza. Yeye hakutozwa, mgeni hatozwi.

Mimi si mtu wa kulalama, wanaonijua wanajua. Ni katibu mwenezi wa klabu ya kutoa huduma kwa jamii, cheo chenye heshima zake hapa Tanga, na kazi yangu ni kuandaa habari za wiki: karatasi moja, mbele na nyuma, nakala 40. Mwenye cheo hicho halalami, anatoa maoni. Basi maoni yangu ni kwamba saa moja ya klabu na saa moja aliyoiumba Mungu hazina hata udugu wa mbali.

Ratiba niliichapa mwenyewe. Kengele saa saba kamili mchana. Dua dakika 1. Kutambulisha wageni dakika 4. Habari za wiki na matangazo dakika 10, na hapo ndipo watu wanakula, ili sauti ya vijiko ifunike matangazo. Faini dakika 5. Mgeni mzungumzaji dakika 20, maswali 10, shukrani na cheti 5, akiba 5. Jumlisha, utapata 60. Saa nane kamili kengele, kila mtu kwenye shughuli zake. Kwenye karatasi inapendeza kama kanga haijafuliwa.

Utaratibu wenyewe tumeuazima. Klabu yetu si Rotary wala si Lions, zile klabu za huduma za dunia nzima, ni yetu ya kienyeji, ila tuliona kwa wenzetu tukapenda. Na hao wenzetu wa Rotary walianza kwa adabu kabisa: Chicago, tarehe 23 Februari 1905, watu wanne ndani ya ofisi moja. Mwanasheria Paul Harris, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Wakawa wanazunguka, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, ndiyo asili ya jina Rotary, la kuzunguka. Watu wanne! Meza kuu wangeiweka wapi? Nani angemtambulisha nani? Na mwaka 2016 haohao wakalegeza kanuni, klabu ikitaka ikutane mara mbili tu kwa mwezi, ruksa. Sisi tulioazima tumekaza kila Alhamisi, mvua ije jua lije. Nguo ya kuazima siku zote huvaliwa kwa mbwembwe kuliko anavyoivaa mwenyewe.

Kinachotuua ni itifaki. Mtu anasimama, anasema, "Itifaki imezingatiwa." Ukisikia hivyo usifurahi, ndiyo kwanza anaanza kuizingatia. Ndugu mwenyekiti, makamu, mama mweka hazina, wazee wetu, meza kuu kwa ujumla wenu, wenyeviti wastaafu mmoja mmoja. Tunao sita, na mmoja wao alikaa kitini wiki tatu tu akahamishiwa Kigoma, akarudi anadai nafasi yake kwenye orodha. Nimepima, ndiyo sababu ya faini ya kwanza: itifaki moja ni dakika moja na nusu. Wanaosimama kabla ya mgeni ni tisa. Dakika 13 na nusu zimekwenda na bado hakuna aliyesema kitu.

Alhamisi hii mgeni alikuwa mama mmoja mhandisi wa maji, mstaafu, na mada ilikuwa kuvuna maji ya mvua. Nilikuwa na hamu naye, sifichi. Visima vya huku kwetu kiangazi kikikaza, maji yake unapikia wali bila kutia chumvi. Nilimwandikia barua wiki tatu kabla, kama inavyopasa. Nilimwomba wasifu usiozidi maneno 100, slaidi 10, na faili lake alete kwenye flashi na kwenye laptopu, yote mawili, maana moja lazima ligome. Jana yake nikampigia kumkumbusha. Saa sita na nusu mama wa watu amefika, ameketi, kompyuta magotini. Wenye ukumbi hawajafika.

Kengele ililia saa 7:12, kwa kuwa makamu alikuwa anatafuta pa kuegesha baiskeli. Katika mji huu wa baiskeli, mtu anatafuta pa kuegesha baiskeli.

Halafu akasimama mwanachama aliyepewa kumtambulisha mgeni. "Ndugu mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Mgeni wetu hahitaji kutambulishwa." Akatoa karatasi nne. Yale maneno 100 aliyoleta mama aliyaona ni kumvunjia heshima, kwa hiyo alikwenda kumtafuta mume wa mgeni akapata habari zaidi. Tukaanza shule ya msingi. Tukapita sekondari, bweni, ukiranja wa jikoni. Tukafika kwenye semina, kila semina na mji wake na tarehe yake. Tulipofika kwenye mambo anayoyapenda, kusoma, kusafiri na kupika samaki wa kupaka, mzee mmoja mstaafu akauliza kwa sauti samaki gani, nguru au changu. Akajibiwa. Kukazuka mjadala. Mwenyekiti akagonga meza, akasema hilo la samaki lipelekwe kwenye kamati.

Saa 8:10 mama akaitwa mbele. Maiki ikapiga mluzi wa kutoboa meno. Sasa hili la mluzi si la majini wala si la umeme wa Tanga. Spika zikiwa nyuma ya anayezungumza, sauti yake inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inatoka tena, inazunguka hivyo hadi inakuwa mluzi. Unazisogeza spika mbele ya maiki, zielekee kwa watu, unapunguza sauti kidogo, basi. Sisi tuliongeza sauti. Kisha kijana akaipiga maiki kwa kiganja, akaipuliza, akasema, "Alo, alo, moja mbili," kwa watu walioketi hatua tatu kutoka kwake.

Ikaja projekta. Ukutani pakawa bluu tupu. Wataalamu watatu wakainuka kwa pamoja, mmoja ni muuza vipuri vya pikipiki, wawili sijui. Wa kwanza akaukaza waya. Wa pili akaubadilisha tundu. Wa tatu akachomoa plagi ukutani ili "iamke upya". Kosa kubwa, jamani. Taa ya projekta za zamani ni ya moto mkali. Unaizima kwa kitufe, unaiacha feni iipoze, ndipo unachomoa. Ukichomoa ghafla haiwaki tena mpaka ipoe yenyewe, na ukizoea kufanya hivyo taa inakufa kabla ya siku zake. Tukakaa tunaitazama ipoe kama uji wa mtoto. Ilipowaka, bluu tena. Mama akainama, akabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, akachagua picha ionekane kote kuwili. Slaidi ya kwanza ikatokea. Laptopu ilikuwa haijaambiwa ipeleke picha nje, hilo tu.

Saa 8:21. Akasema, "Ahsanteni. Nitazungumzia mambo matatu." Akalisema la kwanza. Saa 8:27 kikamfikia kikaratasi cha mwenyekiti: *Dakika moja, tafadhali.*

Mama yule hakuwa wa kwanza. Yule wa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, tuliyemwita kwa ajili ya wale nyuki waliowauma askari, muda ulimwishia majeshi ya Waingereza bado yamo melini. Wa mkonge alikuwa ndiyo anaipakia meli miche ya Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Hadi leo klabu yetu haijui kama ilifika. Wa silikanti ndiye aliyenisikitisha zaidi. Samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka miaka milioni 66, akaja kuonekana hai 1938, akashindwa kujitokeza kwenye matangazo yetu. Waja leo waondoka leo, tunasema, na kwetu wanaondoka na maneno yao tumboni.

Mada yenyewe niliipata nje, chini ya mwarobaini, mama akingoja bajaji. Nilimwuliza, akageuza bahasha ya cheti chake akaandika. Mvua ya milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80, ikinyesha milimita 20 ni lita 1,600. Zidisha kwa 0.8, kwa sababu yapo yanayorukia nje na yanayokauka kwenye bati la moto: lita 1,280. Mvua moja hiyo, na mtu ananunua maji kwa dumu. Kuhusu gata, akasema, lisikae sawasawa kama rafu. Lishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bombani, vinginevyo maji yanatuama katikati, majani yanaoza, mbu wanafungua ukoo. Na maji ya mwanzo usiyaingize tenkini. Yale yana vumbi na kinyesi cha kunguru, na kwa kunguru Tanga hatuna upungufu. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba, paa lile ni lita 40. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 5 za bomba lililozibwa chini, lenye kikoki kidogo cha kulimwaga. Likijaa, maji safi yanapita juu yake kwenda tenkini. Ukisahau kulimwaga mvua ikikatika, mvua inayofuata haina pa kuweka uchafu wake na yote unakunywa. Mdomo wa tenki na bomba la kufurikia uvifunge wavu wa mbu. Akapanda bajaji. Dakika sita, na bila itifaki.

Nikaenda nikaandika yote katika habari za wiki, upande wa mbele. Rasimu ikarudi kwa mwenyekiti: hesabu za maji ziondolewe, nafasi haitoshi, paingie picha ya pamoja. Picha ya pamoja ina watu 27 na mgeni amezibwa na mabega ya makamu. Chini yake majina ya wote kwa kufuata itifaki. Sasa steshenari wananiambia wino wa mashine umeisha, nakala zinatoka na michirizi. Nikichelewesha, faini elfu moja. Nikitoa zenye michirizi, kuna mwenyekiti mstaafu uso wake unaangukia kwenye mchirizi, na hilo halina faini, lina kikao.

Kengele nayo ina mambo yake. Ile si ya klabu. Yaani ilikuwa ya klabu, tukaitoa msaada shule ya msingi ya jirani, maana walikuwa wanagonga rimu ya gari. Tukapiga picha, zikaingia habari za wiki, upande wa mbele. Alhamisi iliyofuata tukakumbuka hatuna ya kugonga. Tangu hapo kila Alhamisi tunaiazima, na kanuni zetu zinasema kikao hakifungwi ila kwa kengele, na shule haiwaruhusu watoto ila kwa kengele, na rimu waliuza chuma chakavu.

Basi saa 8:35, shukrani ndiyo zimenoga, mtoa shukrani amefika kwa mwenyekiti mstaafu wa nne, mlango ukasukumwa. Kitoto cha darasa la pili, shati jeupe, kaptura ya bluu, jasho.

"Shikamooni."

"Marahaba, baba. Una nini?"

"Mwalimu kasema nije nichukue..."

"Ngoja, ngoja, baba." Mwenyekiti akainuka, uso umechanua. "Ndugu wanachama, tumepata mgeni mwingine. Na tena ni mnufaika wa mradi wetu! Mpisheni apite mbele. Jamani, mpeni maiki asalimie, aseme neno."

Mtoto akasimamishwa mbele. Wakaishusha maiki hadi kidevuni mwake, ikapiga mluzi, akaruka. Kijana wa mitambo akaongeza sauti. Mwanachama wa kutambulisha akaanza kujipapasa mifukoni kutafuta karatasi. Mtoto akatazama meza kuu, akatazama sambusa, akaisogelea maiki.

"Naomba kengele."

Nikatazama saa: sekunde mbili. Sajini akanyanyuka, akavuta koti.