Faini ya milioni 50 inamuumiza nani?

Tangu mwaka 2022, anayetiwa hatiani Kenya kwa ulanguzi wa dawa za kulevya zinazozidi gramu 100 anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 50 au mara tatu ya thamani ya mzigo, ipi iliyo kubwa, au kifungo cha miaka 50, au vyote viwili. Sheria ya 1994 ilianzia milioni moja, pamoja na kifungo cha maisha.

Wanaoutetea ukali huu wana hoja nzito. Aprili 2014 manowari ya Australia ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi, nje ya pwani ya Mombasa. Mama wa Malindi au Kisauni aliyezika mwana kwa sababu ya unga, yaani heroini, hataki kusikia habari ya huruma kwa muuzaji, na mimi simlaumu. Kwa mwenye mzigo kama ule, milioni moja ilikuwa kama ushuru wa gati.

Lakini tazama anayesimama kizimbani. Mara nyingi ni punda, yaani anayebebeshwa mzigo wa wengine, au teja, mraibu anayeuza kete za unga ili naye apate yake. Milioni 50 hana, ukoo wake mzima hauna. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, inaweka ukomo wa miezi 12 jela kwa asiyelipa faini inayozidi shilingi 50,000, pale sheria isiposema vingine. Faini hiyo ikitolewa peke yake, maskini anafungwa mwaka, tajiri analipa na kurudi kazini.

Na vigogo? Ndugu wawili walanguzi, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapata dhamana, kesi ya kuwapeleka Marekani ikakokotwa hadi walipopelekwa huko Januari 2017. New York ndiko walikokiri kuhonga maofisa wa Kenya, wakafungwa miaka 25 na 23. Muda wote huo kifungo cha maisha kilikuwa tayari katika sheria yetu. Kilichokosekana ni kesi kufika mwisho.

Kwa hiyo kifungo kirefu kwa mwenye shehena nakiunga mkono. Faini ya chini kabisa kwa punda ningeifuta, hakimu apime mwenyewe. Fedha zitafutwe kwenye majumba na akaunti: sheria ya mapato ya uhalifu ya 2009 inairuhusu serikali kuiomba Mahakama Kuu itaifishe mali hata kabla mwenyewe hajatiwa hatiani.